PENZI LA WIKI TATU, KILIO CHA MIEZI SITA: KWANINI MAPENZI MAFUPI YANAUMA HIVI?

 

Leo naweka pembeni siasa na bei ya mafuta. Kuna jambo linawatafuna vijana wengi hapa mkoani na halizungumzwi, maana ukilizungumza unachekwa. Nazungumzia mtu aliyependana na mwenzake kwa wiki mbili, tatu, au mwezi mmoja tu, likaisha, halafu miezi inakatika yeye bado hali vizuri, halali vizuri, simu ikilia moyo unaruka. Kwa lugha ya mtaani, kala kibuti. Akijaribu kusema anajibiwa: "Mwezi mmoja tu? Si ungekuwa umeshasahau!"

Swali ninalotaka tulielewe leo ni hilo hilo. Kama mlikuwa pamoja siku ishirini, kwanini uumie siku mia mbili? Mimi si daktari wala mwanasaikolojia. Nimemaliza kidato cha nne, naandika habari kwa kujitegemea. Ila nimesoma, nimeuliza watu, na mwenyewe yamenikuta. Jibu nililolipata ni hili: penzi fupi linauma kwa sababu ni msiba usio na matanga. Twende taratibu, mtaniona ninapoelekea.

MKOA WETU NI MKOA WA WATU WANAOPITA

Kwanza tujiulize kwanini huku kwetu mapenzi ya namna hii ni mengi.

Chukua wavuvi wa dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta dagaa vizuri pale anga likiwa jeusi. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wake unashindana na taa, dagaa wanatawanyika, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu au wanarudi makwao. Kwa hiyo maisha ya mwaloni yanahesabiwa kwa giza. Giza hili tupo Mwigobero, giza lijalo tupo kisiwani Rukuba, giza la tatu anajua Mungu. Kutoka mwezi mwandamo mmoja hadi mwingine ni kama siku 29 na nusu. Watu wanakuja, wanazoea, wanapendana, mwezi unapevuka, wanafungasha.

Njoo Bunda. Ule ni mji wa njia panda. Magari ya Mwanza kwenda Musoma, Tarime na Sirari yanapita pale, na pale pale kuna njia inayokata kwenda Kisorya kwenye kivuko cha Ukerewe. Mtu anakuja kwa mazoezi ya kufundisha wiki kadhaa, mwingine anakuja na kampuni ya kujenga barabara, kazi ikiisha anapanda gari.

Butiama nako, ukiacha wenyeji, kuna wageni wa makumbusho ya Mwalimu, watumishi wapya, na watoto wa mjini wanaokuja likizo kwa bibi. Na kule Buhemba kuna dhahabu, na penye dhahabu watu hawakai, wanahamia kunakosikika neema.

Sasa mahali ambapo watu wanapita, mapenzi nayo yanapita. Hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba mtu anaondoka, lakini maumivu yanabaki na aliyebaki.

WATU WATATU

Nimezungumza na wawili walioniruhusu nieleze mambo yao bila kutaja majina. Wa tatu ni mimi.

Wa kwanza ni dada mmoja anayeanika dagaa pale Musoma. Alipendana na mvuvi kwa giza mbili, yaani kama miezi miwili kasoro. Jamaa aliaga vizuri tu, akasema anaelekea upande wa Ukerewe, giza lijalo atarudi. Hakurudi. Dada anasema kitu kilichomsumbua zaidi ni sauti ya injini za mitumbwi alfajiri. Kila mtumbwi ukija, kabla hajajizuia, shingo imeshageuka. "Mdogo wangu," aliniambia, "mimi sikuwa namlilia yeye. Nilikuwa nalilia hiyo shingo yangu, maana haikunisikiliza."

Wa pili ni kaka wa bodaboda pale Bunda. Aliyempenda alikuwa mwalimu wa mazoezi, wiki sita. Alikuwa anampeleka shuleni asubuhi na kumrudisha jioni. Siku ya kuondoka alimpeleka stendi na mabegi yake, hakuchukua hata nauli. Baada ya hapo simu zikawa za kila siku, zikawa za kila wiki, zikawa za sikukuu, zikakatika. Kaka huyu ana miaka 26, mwili kama mbeba magunia, na aliniambia maneno haya akiwa anaangalia chini: "Kuna siku nilikuwa naendesha, lori linakuja, nikajisemea likija lije." Naomba maneno hayo myaweke akilini, nitayarudia.

Wa tatu, mimi. Nilikuwa Butiama kwa mjomba nikisubiri matokeo ya kidato cha nne. Kwa jirani alikuja mgeni kutoka Dodoma, likizo. Wote tulikuwa na miaka 19. Tulikuwa tunakaa jioni kwenye mawe makubwa ya jirani na Mwitongo tukipiga stori mpaka mbu watufukuze. Siku 23, nilizihesabu. Akarudi kwao kujiandaa na chuo. Meseji zake zikaanza kuwa ndefu, zikawa fupi, zikawa "poa", baadaye nikawa naona tiki za bluu bila jibu. Miezi minne baadaye suruali yangu ya zamani ilikuwa inanivuka, na nilikuwa najua saa za mabasi ya Dodoma kuliko kondakta. Nilipomwambia mshikaji wangu akacheka mpaka akakaa: "Siku 23? Mzee, hata kifurushi cha mwezi kinadumu kuliko penzi lako!"

Nilicheka naye. Ila usiku ule nilijiuliza kwa dhati: mbona naumwa kitu ambacho hata jina hakina?

KICHWANI KUNATOKEA NINI?

Hapa ndipo nilipoanza kusoma. Kumbe wataalamu wameshaliangalia jambo hili hadi ndani ya ubongo.

Mwaka 1999 mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, Donatella Marazziti, na wenzake walipima damu ya watu 20 waliokuwa wameanza kupenda ndani ya miezi sita iliyopita. Walikuta hali moja ya kikemikali katika damu yao inafanana na ya wagonjwa wenye mawazo yanayojirudia bila kukoma, wale wanaoweza kunawa mikono mara hamsini kwa siku. Baadhi yao walipopimwa tena baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo, hali ilikuwa imerudi kawaida. Maana yake ni nini kwa lugha yetu? Mwanzo wa mapenzi ni homa. Walio kwenye ndoa ya miaka kumi, homa ilishashuka zamani, wamebakiwa na mazoea na kuaminiana. Wewe uliyeachwa wiki ya tatu umeachwa homa ikiwa juu kabisa. Ndiyo maana kusema "mbona ilikuwa muda mfupi" ni kuliangalia jambo kinyume. Ufupi wenyewe ndiyo sehemu ya tatizo.

Halafu mwaka 2010, Helen Fisher wa Marekani, mwanaanthropolojia aliyefariki mwaka 2024, yeye na wenzake walitoa matokeo ya kupiga picha ubongo wa watu 15 waliokataliwa na wapenzi wao na bado wanawapenda. Walipooneshwa picha ya aliyewaacha, sehemu zilizowaka ni zile zile zinazohusika na kutamani kitu kwa nguvu, sehemu ambazo kwa watafiti wengine zilionekana kwa watumiaji wa kokeini wanapotamani dawa. Kwa hiyo dada wa dagaa na shingo yake hakuwa mjinga. Ubongo ulikuwa umezoea kupata kitu, sasa unakidai. Alosto ni alosto, iwe ya sigara au ya mtu.

Mwaka 2011 Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake wakachukua watu 40 walioachwa ndani ya miezi sita. Waliwaonesha picha za waliowaacha, na wakati mwingine wakawagusisha kitu cha moto mkononi. Baadhi ya sehemu za ubongo zilizofanya kazi kwenye moto wa kweli zilifanya kazi pia kwenye picha. Kumbe tunaposema "ameniumiza" hatutii chumvi.

Kuna jambo la tatu ambalo nadhani ndilo kubwa zaidi kwa penzi fupi. Hukupata muda wa kuziona kasoro. Hujamwona akiwa na njaa na hasira, hujamwona anamjibu mama yake vibaya, hujagombana naye kuhusu hela. Picha uliyobaki nayo ni ya siku nzuri tu, na kilichobaki unakijaza mwenyewe: nyumba, watoto, hata jina la mtoto wa kwanza. Mtu wa ndoa ya miaka kumi akiachwa analilia yaliyotokea. Wewe unalilia yasiyotokea, na yasiyotokea hayana mwisho, maana kila siku unaweza kuyaongezea.

MSIBA USIO NA MATANGA

Sasa nifike kwenye hoja yangu yenyewe.

Huku kwetu mtu akifariki kila mmoja anajua cha kufanya. Turubai linafungwa, majirani wanaleta kuni na unga, daftari la rambirambi linafunguliwa, wanaume wanalala nje kwenye moto, wanawake wanalala ndani na mfiwa ili asibaki peke yake. Kuna siku ya kuzika na kuna siku ya kuanua matanga. Siku hiyo watu wanaambiwa rasmi: tumelia vya kutosha, sasa kila mmoja arudi kwenye shughuli zake. Hata mfiwa mwenyewe anapewa ruhusa ya kuanza tena.

Ndoa ikivunjika nayo ina utaratibu. Wazee wanakaa, ng'ombe wa mahari wanahesabiwa, maneno yanasemwa. Kwa Waislamu kuna eda, muda unaojulikana tangu unapoanza hadi unapoisha.

Hata sheria ya nchi ina vipimo vyake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema, kifungu cha 160, kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi kama mume na mke, inaweza kuchukuliwa kuwa ni ndoa. Kifungu cha 69 kinamruhusu mtu aliyeahidiwa ndoa kisha akageukwa kwenda mahakamani, lakini anachoweza kudai hakizidi gharama alizoingia kwa sababu ya ahadi ile. Kifungu cha 71 kinahusu kudai zawadi zilizotolewa kwa matarajio ya ndoa. Umeona? Sheria inajua kuhesabu miaka, inajua kuhesabu gharama na zawadi. Siku 23 haina mahali pa kuziandika. Silaumu sheria, mahakama itapimaje moyo? Nataka tu uone kwamba kila mlango ukigonga unaambiwa "wewe humo".

Mmarekani Kenneth Doka aliandika juu ya jambo hili mwaka 1989. Alizungumzia huzuni ambayo jamii haiitambui: aliyefiwa haruhusiwi kulia hadharani, hapewi pole, na hana mtu wa kukaa naye. Huzuni ya namna hiyo inakuwa nzito zaidi kwa sababu mtu anabeba mizigo miwili, ule wa kupoteza na ule wa kuficha kwamba amepoteza.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Mimi nawaongezea kwamba kuachwa ndiyo kikohozi watu wanachojitahidi kukimeza. Kaka wa Bunda hakumwambia mtu kwa miezi mitano. Angeanzia wapi? "Jamani, yule mwalimu wa mazoezi niliyekuwa nampakia..." Kijiweni wangemtania hadi ahame kijiwe. Ni mwanaume, tena mwanaume wa Mara, watu wanategemea asikie uchungu wa kisu tu.

MFANO WA MBALI: ROMEO NA JULIET

Butiama ndiko alikotoka Mwalimu Nyerere, na wengi mnajua alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, na The Merchant of Venice, aliyoiita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Mimi nitumie nyingine ambayo hakuitafsiri, Romeo and Juliet, kwa sababu watu wanaitaja sana bila kuangalia kalenda yake.

Wale wawili wanakutana Jumapili usiku, Jumatatu wanafunga ndoa kwa siri, na wiki haiishi wote wamekufa. Penzi linalotajwa dunia nzima kuwa ndilo kubwa halikufika hata siku saba! Kwa hiyo anayesema muda mfupi hauna uzito aanze kwa kubishana na Shakespeare.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kingine. Romeo anapofukuzwa mjini, Juliet analia usiku na mchana. Wazazi wake wanadhani anamlilia binamu yake aliyeuawa, kwa sababu hawajui kwamba kuna Romeo. Hawezi kuwaambia. Basi baba yake, kwa nia njema ya kumkausha machozi, anaharakisha kumwoza kwa mwanaume mwingine. Na hapo ndipo mambo yanapoharibika moja kwa moja. Angalia vizuri: penzi ni la siku chache, huzuni ni ya siri, na waliomzunguka wanatibu ugonjwa ambao sio. Hadithi ni ya karne ya 16, lakini kuna nyumba ngapi Nyasho, Nyakato na Bweri leo ambazo mama anasema "huyu mtoto sijui ana malaria, hali chakula"?

SASA UFANYE NINI?

Sitaki niwaache na maelezo matupu. Haya ndiyo niliyoyaona yanasaidia, mengine nimeyajaribu mwenyewe.

1. LIPE JINA. Sema, hata kama ni kwa mtu mmoja tu: "Nimeachwa na inaniuma." Chagua mtu asiyecheka ovyo. Mimi nilimwambia shangazi. Hakunipa hotuba. Alisema tu, "Pole baba, kaa ule." Nilikula.

2. USIJILAZIMISHE KUTOMWAZA. Mwaka 1987 Mmarekani Daniel Wegner aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano. Walishindwa, na baadaye walipoambiwa sasa mfikirieni, waliwaza zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa mwanzoni. Wazo ukilifukuza linarudi na ndugu zake. Likija liache lipite, endelea na ulichokuwa unafanya.

3. LAKINI FUNGA DIRISHA LA KUCHUNGULIA. Hii ni tofauti na namba 2. Kuwaza huwezi kukuzuia, kuchungulia unaweza. Kaka zetu wanasimulia kwamba katika miaka ya 2000 mtu akikuacha alibadilisha laini, ukabaki na meseji zake za zamani kwenye simu ndogo hadi zikajaa. Siku hizi aliyekuacha unamwona kila siku: stetasi yake, picha yake mpya, na saa aliyokuwa hewani mara ya mwisho. Kumbuka ile habari ya ubongo kudai. Kila ukichungulia unaupa ubongo kipande kidogo, kesho utadai tena. Ficha stetasi zake, na ukishindwa futa namba. Usimtukane wala usimwandikie waraka. Funga tu.

4. ANDIKA. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall huko Marekani waliwaomba wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza. Mara baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, lakini katika miezi iliyofuata wale walioandika yaliyotokea pamoja na jinsi walivyojisikia walienda kwa daktari wa chuo mara chache kuliko wenzao. Daftari la kaunta linatosha. Humwoneshi mtu.

5. ANDIKA NA KASORO ZAKE. Kwa sababu ubongo umebaki na picha nzuri tu, uusaidie kukumbuka zilizobaki. Alichelewa, alidanganya, alikucheka mbele za watu. Huandiki ili umchukie. Unaandika ili awe mtu tena, maana sasa hivi kichwani mwako ni malaika.

6. ANUA MATANGA MWENYEWE. Hili ndilo la muhimu kwangu. Kwa kuwa hakuna mzee atakayekuja kukutangazia mwisho, chagua siku. Dada wa Musoma alichagua siku ambayo mwezi ulikuwa mpevu na hakuna mvuvi ziwani. Alifua mashuka yote, akapika samaki, akamwita dada yake, wakala, akamsimulia kila kitu mwanzo hadi mwisho, kisha akasema, "Basi, imetosha." Anasema kesho yake shingo iligeuka tena mtumbwi ulipopita. Ila safari hii alicheka. Matanga yakianuliwa machozi hayakauki siku hiyo hiyo, lakini mtu anajua yuko upande gani wa kilio.

7. USIKIMBILIE KUZIBA PENGO. Ushauri wa kijiweni ni "tafuta mwingine fasta". Mwingine huyo naye ana moyo. Ukimtumia kama dawa utakuwa unamwandalia msiba wake.

8. PIMA AFYA. Penzi fupi mara nyingi linaacha na hofu ya mwili: "Sijui ana nini, sijui nina mimba." Hofu hiyo inachanganyika na huzuni mpaka huijui ipi ni ipi. Kipimo kinaondoa nusu ya mzigo. Na kama ni jambo la siku moja mbili zilizopita, jua kwamba dawa za kuzuia VVU baada ya kukutana na hatari zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Usikae nyumbani ukihesabu siku.

PALE AMBAPO SI HUZUNI YA KAWAIDA TENA

Nilisema nitarudia maneno ya kaka wa Bunda: "likija lije". Wadau, maneno hayo si utani wala si uzembe wa mapenzi. Ukiyasikia kwa rafiki yako, acha kucheka hapo hapo. Dalili nyingine ni hizi: hajalala vizuri kwa wiki mbili na zaidi, ameacha kazi au shule, anagawa vitu vyake, anaaga aga watu, anakunywa kila siku, au anasema dunia bila yeye ni sawa tu.

Mtu wa hivyo haachwi peke yake usiku, na anapelekwa hospitali kama anayetapika damu angepelekwa. Musoma tuna hospitali ya rufaa ya mkoa pale Kwangwa, na Bunda na Butiama nako hospitali zipo. Mwambie daktari ukweli, usimwambie "kichwa kinauma". Kwa walio chini ya miaka 18, namba 116 ni ya bure, ni ya kusaidia watoto. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Na ukisikia maumivu makali ya kifua usidharau kwa kudhani ni mapenzi. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo mshtuko mkubwa unaudhoofisha moyo wenyewe, sehemu yake ikavimba mfano wa chungu cha kutegea pweza, ndiyo wakaiita takotsubo, jina la chungu hicho. Mara nyingi inawapata wanawake wa umri mkubwa na wengi wanapona, lakini ni ya kutibiwa hospitali.

Kaka wa Bunda alimwambia mwendesha boda mwenzake, mtu mzima wa miaka hamsini hivi. Mzee yule hakumcheka. Alimwambia, "Mwanangu, hata mimi iliwahi kunikuta, wiki mbili tu, Tarime, mwaka ambao hujazaliwa. Naikumbuka mpaka leo, na nina wajukuu." Kaka anasema sentensi ile ndiyo iliyomshusha kwenye ile barabara.

JE, INAISHA?

Inaisha, na hili nalisema kwa ushahidi. Katika utafiti ule wa Fisher, kadiri siku zilivyokuwa nyingi tangu mtu aachwe, ndivyo sehemu moja ya ubongo inayohusika na kumganda mtu ilivyopoa. Na mwaka 2008 Paul Eastwick na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo wataumia kiasi gani wakiachana na wapenzi wao, wakawafuatilia walipoachana kweli. Walivyotabiri vilikuwa vibaya kuliko vilivyotokea. Yaani sisi binadamu si wazuri wa kukadiria nguvu zetu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi naye anaruhusiwa kuketi kidogo akaangalia koleo lake lililovunjika, bila mtu kupita na kumuuliza kwanini analia wakati lilikuwa jipya.

Kwa hiyo wiki hii rafiki yako akikwambia ameachwa, usimuulize walidumu siku ngapi. Mwambie pole, umwachie kiti akae.

Naomba kuwasilisha.